QGIS kwa mwanafunzi anayetafuta chumba Mbeya: usilipe kodi kabla ya kupima njia

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo nachambua QGIS, programu ya ramani, na nitaipima kwa kazi moja tu: kumsaidia mwanafunzi ajue pa kupanga kabla hajatoa kodi ya miezi sita.

Mwaka wa kwanza dalali alinipeleka kwenye chumba akaniambia, "Chuo si kile pale? Dakika tano tu." Na kweli, nikisimama mlangoni naliona paa la maktaba. Nikalipa. Jumatatu asubuhi ndipo nikajua kwamba kati yangu na lile paa kuna korongo, na daraja liko chini huko. Zile dakika 5 zikawa 35. Mvua za Desemba zilipokolea, tope la huku mnalijua, nikawa nabeba viatu vya pili kwenye mfuko wa rambo. Na kodi ikishaingia mkononi mwa mwenye nyumba, hairudi.

Sasa programu yenyewe. Ni ya bure, huhitaji leseni ya kununua. Gary Sherman aliianzisha mwaka 2002, na mpaka leo inaendelezwa na watu wa nchi mbalimbali, wengi wao wa kujitolea. Barabara nazichukua OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza mwaka 2004, ambao mtu yeyote anaweza kuchora humo mtaa wake. Unasakinisha kiongezo kinachoitwa QuickOSM, unaandika Mbeya, unachagua barabara, zinashuka.

Angalieni skrini. Nimeweka nukta chuoni, upande wa Iyunga. Wengi wakifika hapa wanachora duara la kilomita moja na nusu, kisha wanasema kila kilichomo ndani ni karibu. Hapana jamani! Duara halijui korongo wala reli. Tumia kifaa kinachoitwa Service Area, kipo kwenye kundi la uchambuzi wa mtandao wa njia. Ukikipa mita 1,500, kinafuata njia moja moja kutoka chuoni mpaka mita hizo ziishe. Mnaona? Si duara tena, eneo limekaa kama kiganja kilichotanua vidole. Vidole virefu vimefuata barabara kubwa. Chumba changu cha kwanza kingeangukia hapa, katikati ya kidole na kidole.

Hapa pana kosa linalowapata karibu wote wanaoanza. Data zikishuka zinakuja kwa digrii za latitudo na longitudo, si kwa mita. Ukiandika 1500 bila kubadili chochote, programu inaelewa digrii 1,500, unapata upuuzi. Pembeni ya kisanduku cha umbali kuna kipembetatu cha onyo, msikipuuze. Hifadhi upya tabaka lako, yaani zile barabara ulizoshusha, kwa UTM kanda ya 36 Kusini, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, namba yake 32736. Mbeya na Iringa zote zimo humo. Baada ya hapo unapima kwa mita.

Nyie wa Iringa, kwenu umbali peke yake hautoshi. Anayekaa Ipogolo na kusoma mjini juu anajua kupanda kule. Pakueni data za kimo za SRTM, zile chombo cha anga Endeavour kilizokusanya Februari 2000, na QGIS itawaonyesha mteremko kwa rangi. Ila kila kimraba ni mita 30 hivi, kwa hiyo kijikorongo cha nyuma ya nyumba hakitaonekana.

Udhaifu upo, tena mkubwa. Mitaa ya pembezoni nyumba zimechorwa lakini vichochoro havipo, na kichochoro kisichochorwa, kwa programu hii hakipitiki. Mimi nilitembea mtaa mzima Jumamosi moja nikavichora mwenyewe. Maji je? Ramani haijui yanatoka siku ngapi kwa wiki, wala kama LUKU mnachangia nyumba nzima. Hayo waulize wapangaji, usimuulize dalali, na nenda jioni wakiwa wamerudi.

Kompyuta ya RAM GB 4 inaifungua ila inakokota, ya GB 8 inatosha. Faili la kusakinisha ni zito, msimalize bando, tumieni intaneti ya chuo. Chukueni lile toleo lenye matunzo ya muda mrefu.

Kama umezaliwa Mbeya na mitaa unaijua, huna haja nayo, tembea tu. Lakini wewe unayetoka Mtwara au Kigoma, unayeletewa picha za chumba kwa WhatsApp na kuambiwa utume hela leo leo, nakusihi: omba kwanza akutumie lokesheni ya mlangoni, iweke kwenye ramani, upime.

Chumba ninachokaa sasa ramani ilisema mita 1,240. Nimekitembea nikiwa na begi mgongoni na saa mkononi: dakika 17, na kichochoro cha mwisho ni kimojawapo cha vile nilivyochora.