Kampuni Inayosimamia Nyumba za Benki Mtwara: Tathmini ya Dalali Anayefanya Kazi Nayo

Tathmini hii inahusu huduma ya kampuni moja yenye makao yake Dar es Salaam, ambayo imepewa na benki kazi ya kutunza na kuuza nyumba zilizowekwa rehani na wakopaji wakashindwa kurejesha mikopo. Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja Mtwara mjini, na kampuni hiyo iliniteua niwe wakala wake kwa nyumba za Shangani, Ligula, Chuno na moja ya Mikindani. Sitaitaja jina, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza nayasikia pia kwa madalali wenzangu wa Lindi na Masasi wanaofanya kazi na kampuni nyingine za aina hiyo, na kilicho muhimu kwa msomaji ni utaratibu wenyewe. Ukiniuliza maoni yangu kwa kifupi, nitakujibu kwamba makaratasi yao ni safi, lakini namna wanavyofanya maamuzi inaziua nyumba walizokabidhiwa wazitunze, na hasara hiyo anabebeshwa mtu ambaye hana sauti yoyote katika jambo hilo, yaani mkopaji aliyekwisha poteza nyumba.

Nianze na yaliyo mazuri, kwa sababu yapo. Mnunuzi anayepita kwa kampuni hii hauziwi kiwanja chenye wenyewe wawili. Hati inahakikiwa ofisi ya ardhi kabla nyumba haijatangazwa, fedha zinaingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, na hakuna mfanyakazi wao aliyewahi kuniomba chochote pembeni. Katika mji ambao watu wengi bado wananunua nyumba kwa karatasi ya mkono iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa, hilo ni jambo kubwa, na ndilo linalonifanya niendelee kuwapelekea wateja.

Tatizo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni muda. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kudhani kwamba mnunuzi wa Januari na mnunuzi wa Aprili ni mtu yuleyule, lakini Mtwara na Lindi si hivyo. Fedha za huku zinakuja na korosho. Minada ya korosho ya vyama vikuu vya ushirika vya wakulima, kama TANECU na MAMCU, huanza Oktoba, malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima hadi mwanzoni mwa mwaka, na huo ndio wakati ambao mkulima wa Tandahimba au Newala anateremka mjini kutafuta nyumba ya watoto wanaosoma au ya kupangisha. Januari inakuja na ada za shule, halafu zinafuata gharama za kupalilia, na ikifika miezi ya kupulizia mikorosho fedha iliyobaki inaingia kwenye salfa, dawa ya mikorosho. Aliyeshindwa kununua ndani ya dirisha hilo mara nyingi anasubiri msimu mwingine, na msimu mwingine hauna dhamana, kama tulivyoona mwaka 2018, wakati wanunuzi walipogoma kwa sababu ya bei na serikali ikaingia kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Sasa tazama njia ambayo ofa ya mnunuzi inapita. Mimi naituma kwa ofisa wa kampuni, ofisa anaiingiza kwenye fomu, fomu inakwenda kwa msimamizi wake, msimamizi anaipeleka benki, na benki inaiweka kwenye ajenda ya kamati. Kamati ikitaka ufafanuzi mdogo, mathalani kwa nini mnunuzi ametaja bei pungufu kuliko iliyotangazwa, karatasi inarudi njia ileile hadi kwangu na kuanza safari upya. Mzee mmoja wa Tandahimba alitoa ofa ya nyumba ya Ligula mwezi Desemba akiwa na fedha yote benki, hahitaji mkopo wala kulipa kwa awamu. Jibu la kukubaliwa lilifika baada ya Pasaka. Nilipompigia simu na kumwamkia alinisikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hela haikai. Nimeshajenga Masasi. Hiyo ya benki mwache mwingine aichukue." Nyumba hiyo mpaka leo haijauzwa, na bei inayotangazwa sasa ni ndogo kuliko ile aliyokuwa tayari kuilipa.

La pili ni matunzo. Mkataba wangu unanitaka nikague kila nyumba mara kwa mara na kutuma picha, jambo ambalo nalifanya, lakini haunipi ruhusa ya kutengeneza hata kitasa bila idhini ya maandishi. Nyumba ya Chuno iling'olewa mabati mawili na upepo kabla mvua hazijakolea. Nilituma picha siku hiyohiyo, nikaeleza kwamba maji yatashuka moja kwa moja juu ya dari ya jipsamu ya sebuleni, na kwamba fundi yuko mtaa wa pili na kazi ni ya asubuhi moja. Nilijibiwa nitafute ankara kifani tatu, yaani makadirio ya gharama kwa maandishi, kutoka kwa wazabuni watatu wenye mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, kila moja ikiwa na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na nakala ya leseni. Mafundi paa wa Chuno hawana mashine ya EFD. Wakati tukiendelea kuandikiana barua, dari ililowa maji, ikatengeneza tumbo katikati, kisha ikaanguka yote na kuvuta nyaya za taa. Maji yakakaa sakafuni hadi vigae vikaanza kuachia, na milango ya mninga, ambayo ndiyo iliyokuwa fahari ya nyumba ile, ikavimba kiasi kwamba wa chumba kikubwa haufungi tena. Walipoamua hatimaye kumtuma fundi wao kutoka Dar es Salaam, ilikuwa Mei 2024, na barabara ilikuwa imekatika upande wa Kilwa kwa mvua za kimbunga Hidaya. Mabati mawili na misumari vingeokoa dari, umeme, vigae na milango.

Mtu anayejua hali ya hewa ya pwani hii hahitaji kuelezwa kwa nini nyumba tupu haiwezi kusubiri. Chumvi inakula bati na nondo za madirisha, mchwa wanapanda kwenye fremu, popo wanahamia darini, na vijana wakishajua kwamba hakuna anayelala ndani, nyaya za shaba na pampu ya kisima vinaondoka. Kampuni inalipa mlinzi kwa nyumba za Shangani tu, tena kwa kuchelewesha mshahara hadi mlinzi mwenyewe anatafuta kibarua cha pili bandarini. Nyumba nyingine zote zinalindwa na kufuli.

Kuna pia madeni madogo ambayo hakuna anayetaka kuyagusa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inadaiwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mita ambayo haijanunuliwa umeme mwaka mzima inakuwa na deni la shilingi 18,000. Si fedha ya kutisha, lakini nikitaka kumwonyesha mteja kwamba taa zinawaka na pampu inavuta, lazima mtu alilipe deni hilo kwanza, na kampuni inasema gharama hiyo haimo kwenye bajeti ya usimamizi. Kwa hiyo dalali analipa. Dalali pia anafyeka majani, anabadilisha kufuli na kulipia bodaboda ya kwenda Mikindani, halafu anaandika madai na kuambatisha risiti. Madai yangu hurudishwa kwa sababu ndogondogo, kama vile risiti iliyofifia au jina la nyumba lililoandikwa tofauti na lile la kwenye mfumo wao, na kamisheni yenyewe hailipwi hadi uhamisho wa hati ukamilike, jambo ambalo haliko mikononi mwangu hata kidogo.

Bei nayo inapangwa na watu wasioijua Shangani. Miaka ya 2012 na 2013, wakati habari za gesi asilia ya Mtwara zilipokuwa motomoto na bomba la kwenda Dar es Salaam linaanza kujengwa, watu walikopa wakajenga nyumba za wageni na nyumba za kupangisha wakitegemea wafanyakazi wa makampuni. Nyumba nyingi ninazopewa niuze ni za kipindi hicho. Kampuni huzitangaza kwanza kwa bei inayoegemea uthamini wa wakati wa mkopo, na mimi nikiandika kwamba bei hiyo haina mnunuzi, naonekana namtetea mteja. Zinakaa, zinaharibika kama nilivyoeleza, kisha siku moja benki inachoka na bei inaporomoshwa kwa mkupuo mmoja hadi chini ya kile ambacho nyumba ingepata ingeuzwa mapema ikiwa na dari yake.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji anayeuza mali ya rehani atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana wakati wa mauzo, na kinasema kwamba bei ikiwa pungufu kwa asilimia 25 au zaidi ikilinganishwa na wastani wa mali zinazofanana nayo sokoni, inachukuliwa kwamba wajibu huo umevunjwa hadi mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Nyumba iliyoachwa ioze italinganishwa na nyumba zilizooza, na kwenye karatasi kila kitu kitaonekana sawa. Lakini kila shilingi iliyoshuka ni shilingi ambayo haikupunguza deni la mkopaji, au ambayo angerudishiwa kama ziada baada ya deni kuisha.

Tena kwetu mkopaji huyo si jina tu kwenye faili. Tunasali naye msikiti mmoja, na watoto wetu wanasoma pamoja. Kampuni iliwahi kunitaka nipige picha za ndani za nyumba ambayo familia ilikuwa bado inaishi, na nijaze fomu ya watu wangapi wanalala humo. Nilibisha hodi, nikamwamkia mama mwenye nyumba. Aliniitikia vizuri, kisha akasimama mlangoni na kusema, "Baba, kama umekuja kututoa, nionyeshe karatasi ya mahakama. Kama umekuja kama jirani, karibu uketi." Sikupiga picha. Niliwaandikia kwamba kuwaondoa wakaaji kuna watu wake wenye mamlaka na hatua zake za kisheria, na kwamba dalali wa mauzo hapaswi kutangulizwa kufanya kazi hiyo. Barua hiyo ilijibiwa na ofisa mpya, maana yule niliyekuwa nikiwasiliana naye alikuwa amehamishwa, akiomba nimtumie tena picha za nyumba zote tangu mwanzo.

Kwa mnunuzi mwenye subira na fedha isiyo na haraka, ninaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, kwa sababu atapata hati isiyo na utata, ingawa nashauri aende na fundi wake akague paa na nyaya kabla ya kutaja bei. Kwa dalali ninaipa nyota moja. Mkataba wangu unakaribia kwisha, na nimewaandikia kwamba nitausaini tena iwapo yataongezwa mambo mawili: kiasi cha fedha ambacho wakala wa hapa anaweza kukitumia kwa dharura kama paa au bomba bila kungoja idhini, na muda maalumu wa kujibu ofa yoyote inayotolewa kati ya Oktoba na Januari. Dalali mwenzangu wa Lindi, Nachingwea au Masasi anayeletewa mkataba wa namna hii ayaombe yote mawili kwa maandishi kabla hajapokea funguo.