Plagi ya kupimia stima: miezi miwili nyumbani kwangu Malindi

Tokeni za elfu moja zilikuwa hazinifikishi siku kumi, na lawama zote alibeba mwanangu kwa ajili ya kupiga pasi kanzu zake. Nikanunua kipimo cha kuchomeka kwenye soketi. Chombo unakichomeka juu yake, kioo kinakuonyesha wati zinazokwenda na uniti zilizokwisha kuliwa.

Pasi ilisoma wati 1,150. Mtoto akatoa macho! Lakini pasi ikishapata moto hujizima yenyewe, na kanzu moja haikufikisha hata uniti 0.1.

Mlaji alikuwa friji: uniti 2.3 kwa saa 24. (Mpe siku nzima. Ukichungulia dakika tano mota imelala, utaona wati mbili tatu udhani umepona.) Ilikuwa Februari, joto la kaskazi, na mimi nafunga barafu za ubuyu za kuuza, sharubati naitia ingali vuguvugu. Nikabana noti ya hamsini mlangoni mwa friji, nikaivuta, ikatoka kama imepakwa mafuta. Mpira umekufa. Fundi akatia mwingine, nikalisogeza friji mbali na ukuta, na ubuyu siku hizi unapoa kwanza. Sasa linasoma 1.5.

Kasoro zipo. Soketi yangu iko nyuma ya friji, kwa hiyo kusoma kioo ni kupiga magoti na tochi. Betri ndogo ya kipimo ilikufa mwezi wa pili wa kukitumia, na stima ikikatika hesabu yote inapotea. Tena pangaboi la dari na hita ya bafuni havina plagi, hakivipimi. Hapo natumia mita yenyewe: yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake taa nyekundu ikimemeta mara elfu moja, uniti moja imekwenda. Nilizima kila kitu nikabakisha pangaboi, taa ikawa inamemeta kila baada ya sekunde 50 hivi. Hizo ni kama wati 72.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu ya biashara. Siku nisiyofunga barafu friji linakula 1.2. Kwa hiyo barafu arubaini zinanigharimu uniti 0.3, shilingi tisa hivi kwa bei ninayopata tokeni. Naziuza shilingi tano tano. Mbili za kwanza zishalipa stima.