Kawazu: sakura za Februari, unaenda na kurudi Tokyo siku hiyohiyo

Watu wengi wakisikia sakura, yale maua ya miti ya cheri ya Japani, akili inaenda bustani ya Ueno pale Tokyo mwisho wa Machi, mtu anajipanga mwaka mzima halafu anafika anakuta mvua na upepo vimeshapita, maua yote yako chini. Mimi ukiniuliza uende wapi kwa siku moja ukitokea Tokyo ntakwambia Kawazu, mji mdogo mashariki mwa rasi ya Izu, mkoa wa Shizuoka, na uende Februari. Maua nayapa nyota 5, chakula 4, safari ya kurudi 3.

Kwanza aina yenyewe ya sakura. Zilizojaa Tokyo ni Somei Yoshino, zikishachanua unakuwa na kama wiki moja tu. Za Kawazu zinafunguka taratibu kuanzia mwanzoni mwa Februari mpaka mwanzoni mwa Machi, na tamasha lenyewe linadumu karibu mwezi mzima, kwahiyo hata ukikata tiketi ya ndege mapema uwezekano wa kuyakuta ni mkubwa. Rangi yake imekolea, pinki haswa, na siku ya jua ukiangalia juu ule upinki na bluu ya anga aisee unasahau kama una simu mkononi. Ni mchanganyiko wa aina mbili za sakura, Oshima-zakura na Kanhi-zakura, uliotokea wenyewe tu, hakuna mtu aliyeupandisha. Mkazi wa hapo anaitwa Iida Katsumi aliukuta mche kando ya mto mwaka 1955, akaupanda kwake, ukaja kutoa maua 1966, na miti yote hii imetokana na ule mmoja. Mti mama bado upo pale kwenye nyumba ya familia, watu wanasimama barabarani kuupiga picha. Usikose kupita hapo, wengi wanaishia mtoni na kugeuza.

Kufika ni rahisi. Treni ya Odoriko inatoka stesheni ya Tokyo moja kwa moja, masaa mawili na nusu hivi, kama yen 6,000 kwenda tu. Siti zote ni za kubuku, kwahiyo buku mapema na uombe upande wa kushoto, maana ukishapita Atami bahari inakuwa hapohapo dirishani. Wenye JR Pass ya nchi nzima, ile pasi ya watalii ya treni za JR, mjue inaishia Ito, kutoka hapo reli ni ya kampuni nyingine, Izukyu, na unalipia pembeni. Tokyo Wide Pass, pasi ya Tokyo na maeneo ya jirani, yenyewe inafika mpaka Kawazu.

Kiingilio hakuna. Ukitoka stesheni unatembea kidogo tu uko mtoni, na miti kama 850 imefuata mto kwa karibu kilomita 4. Sasa hapa ndo nataka mnisikilize: usikae karibu na stesheni. Pale ndo kuna vibanda, mabasi ya watalii, fimbo za selfi, wikiendi hata kugeuka shida. Wewe panda na mto kuelekea milimani, kadri unavyoenda watu wanapungua na maua ya njano ya nanohana yanaanza kuonekana chini ya miti, na ukitulia utawaona mejiro, vindege vya kijani vyenye duara jeupe kuzunguka jicho, vinaning'inia kichwa chini vinaingiza mdomo ndani ya ua moja, vinatoka na chavua usoni, vinahamia lingine, wala havikuogopi. Mimi nilikaa hapo muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kula: kinmedai wa kuchemshwa na mchuzi wa soya, samaki mwekundu mwenye macho makubwa, nyama laini inaachia mfupa yenyewe, ni ghali ila lipa tu. Wasabi, ule mzizi mkali wa kijani unaoliwa na sushi, inalimwa hukohuko milimani, wanakukwangulia mbichi juu ya aiskrimu, na inapendeza kweli maana mbichi ina utamu fulani kabla ya kupanda puani. Sakura mochi pia, keki tamu ya mchele iliyofungwa kwenye jani la sakura, ule na lile jani la chumvi usilitupe, ni jani la Oshima-zakura, yani mzazi wa hiyo miti uliyoikalia chini, na sehemu kubwa ya majani hayo Japani nzima yanatoka Matsuzaki, ng'ambo ya pili ya rasi hiyohiyo. Ngisi wa kuchoma tulionunua kibanda kimoja karibu na stesheni walikuwa wa baridi na wagumu, bora ununue huko juu wanakochoma ukiona.

Kurudi ndo nimepunguza nyota. Odoriko za jioni ni chache na zinajaa, wakati usiku miti ya mtoni inawashwa taa na hutaki kuondoka. Suluhisho ni kupanda treni ya kawaida mpaka Atami halafu unachukua Kodama, treni ya kasi ya Shinkansen, dakika kama 50 uko Tokyo, na huna presha ya muda. Nenda katikati ya wiki kama ratiba inaruhusu, vaa viatu vya kutembea na koti la upepo, beba na mfuko wa takataka zako maana mapipa ya kutupia ni ya kutafuta.