Maheshwar au Orchha?

Yote ni miji midogo ya kando ya mto katika jimbo la Madhya Pradesh, India, lakini ukiuona mmoja hujauona mwingine.

Orchha, penye mto Betwa, ilianzishwa na watawala wa ukoo wa Bundela mwaka 1531. Majumba yake ni ya fahari, na tumbusi hutaga juu ya minara ya kumbukumbu ya wafalme. Kioja ni hekalu la Ram Raja: humo Ram, mungu wa Wahindu, huabudiwa kama mfalme, na polisi humpigia saluti kila siku.

Maheshwar, ukingoni mwa Narmada, ni mji wa kazi. Malkia Ahilyabai Holkar, aliyetawala 1767 hadi 1795, aliufanya makao yake makuu na kuwaita wafumaji. Hadi leo vitanda vya mfumi vinagonga. Sari zao za pamba na hariri zina pindo lisilo na ndani wala nje, geuza upendavyo. Chini, kwenye ngazi za mawe, mahujaji wanaoga huku wengine wakifua nguo zao.

Kwangu Maheshwar inashinda. Ila haina reli; utatokea mji wa Indore kwa gari. Orchha iko jirani tu na stesheni ya Jhansi.