Tahadhari: anayeuza mabawa ya "EPP" Kampala anatuuzia foma ya kufungia televisheni

Ndugu zangu mnaorusha ndege za rimoti, mlio Kampala, Jinja, Mbale na kwingineko, naomba msome hili kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna muuzaji anayetangaza mabawa ya akiba ya ndege za foma kwa shilingi 180,000, "mapya, orijino", eti ni ya EPP, foma inayopinda bila kuvunjika kirahisi. Mimi nimenunua kwake. Jumapili iliyopita bawa hilo lilikatika hewani na ndege ikaanguka kama hatua kumi kutoka walipokaa watoto wa jirani waliokuja kutazama. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Ndege yangu ina urefu wa mita 1.4 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, na uzito wa gramu 900 pamoja na betri. Ilikuwa imegonga mwembe, bawa la kushoto likavunjika karibu na kiwiliwili. Nikampelekea picha. Akajibu: "Ssebo, hilo limekufa, litupe. Ninalo jipya, EPP tupu, ndani lina ufito wa kaboni." Nikatanguliza 100,000 kwa simu. Siku tatu baadaye akadai 40,000 "za ushuru wa Entebbe", ambazo hatukuwa tumezitaja kabisa. Nikatoa. Akamaliza kwa kudai 80,000 zilizobaki kabla mzigo haujapakiwa kwenye teksi ya Jinja. Jumla 220,000.

Mzigo ulifika ukiwa mzuri wa kutazama. Bawa lote limefunikwa utepe wa njano, umenyooka bila mkunjo hata mmoja. Utepe wenyewe si kosa, wengi wetu tunafunika EPP ili ipate ugumu. Kosa ni kwamba hakuacha hata sehemu ya kucha ambapo mtu angeiona foma, nami sikuuliza.

Lilivumilia mizunguko miwili. Kwenye kona ya tatu nikailaza ndege sana, nikavuta, nikasikia "kacha!" Wapya waelewe jambo hili: ndege ikilala digrii 60 kwenye kona bila kupoteza kimo, mabawa yanabeba mara mbili ya uzito wake. Ya kwangu ilikuwa inabeba kilo 1.8. Mzigo huo unapinda bawa kuelekea juu, foma ya mgongoni (upande wa juu wa bawa) inabanwa, ya tumboni (upande wa chini) inavutwa, na kinachozuia lisikunjike ni ufito wa ndani.

Nyumbani nikabandua utepe taratibu kwa wembe. Chini yake zikamwagika punje nyeupe mezani, nyepesi, zikanigandia vidoleni na kwenye mikono ya shati. Ni ile foma nyeupe inayokuja ndani ya katoni za televisheni, vipande vitatu vimeunganishwa kwa gundi ya moto, na kwenye kiungo kimoja gundi hiyo ilikuwa imeyeyusha foma ikaacha shimo la kuingia kidole. Nikautoa "ufito wa kaboni". Nikaukwaruza, rangi nyeusi ikatoka, ukang'aa. Nikasogeza sumaku, ikanasa. Ulikuwa ubavu wa mwavuli! Tundu la kushonea kitambaa bado liko kwenye ncha yake. Tena ulikuwa mfupi, uliishia palepale bawa lilipokatika.

Foma hizi si ndugu. Ile nyeupe ya katoni, EPS, ni polistireni: ukiikunja inavunjika na kutoa punje. EPP ni polipropilini, ukiikunja kiasi na kuiachia inarudi yenyewe. EPO, inayotumika kwenye ndege nyingi za dukani, ni ngumu kidogo kuliko EPP lakini haimwagi punje namna ile. Kwa hiyo mwambie muuzaji afungue kona moja ya utepe mbele yako, au akutumie video akifanya hivyo, kisha adondoshee tone la supaglu ya kawaida kwenye foma. EPS italiwa, utaona kishimo kinazama. EPP na EPO hazitobolewi. Ufito upitishie sumaku, kwani kaboni haivutwi. Akikataa, shika pesa zako. Huyu wangu nilipomwomba picha ya ndani alisema utepe ukifunguliwa "waranti inakufa", na mimi nikakubali.

Lakini kinachoniuma zaidi kuliko pesa ni lile neno lake, "litupe". Bawa langu la zamani lilikuwa linatengenezeka. Foma ikivunjika kwa kukatika, meno ya pande mbili huwa bado yanaingiana, ndiyo maana usiyakate wala usiyapige msasa. Yajaribu kwanza bila gundi, kisha paka gundi ya epoksi, nyembamba, bana kwa selotepu, laza bawa juu ya meza iliyonyooka mpaka likauke, lisije likajipinda. Halafu chana mfereji upande wa tumbo ukivuka mahali palipovunjika, ulaze humo ufito wa kaboni wa milimita 3 unaozidi mvunjiko kwa sentimita 15 kila upande, uugandishe kwa epoksi hiyohiyo. Palipobonyea tu, kwa EPP au EPO, maji ya moto sana yanaivimbisha foma ikarudi karibu na umbo lake. Usijaribu hilo kwenye EPS. Mwisho pima mizani upya, maana epoksi ina uzito: bawa moja lisizidi jingine, na kitovu cha uzito kibaki pale kilipokuwa.

Muuzaji ameshanifungia simu. Namba aliyonipokelea pesa haikuwa na jina alilojitambulisha nalo, na hilo nililiona kwenye ujumbe wa malipo nikalipuuza. Nimepeleka jumbe zote na vipande vya bawa polisi hapa Jinja. Siandiki jina wala namba yake hapa, shauri liko mikononi mwao. Mtamtambua kwa mambo matatu: utepe wa njano uliofunika kila mahali, bei ya 180,000, na "ushuru" unaokuja ukiwa umeshatanguliza pesa.

Kama umeshanunua kwake, tafadhali usilirushe, hata kama liliwahi kuruka vizuri. Bandua utepe wa tumboni kwanza uangalie. Na kama lile la zamani bado hujalitupa, njoo nalo hapa Jinja Jumamosi asubuhi, epoksi ninayo na fito mbili za kaboni zimebaki.