Traka ya kamera ya mtumba niliyonunua kutafutia sayari: Pemba inafanya kazi, ila mpaka uipitishe kwa seremala

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingepata nne, ile nusu nimeikata kwa sababu ya aliyeniuzia, ntafika huko.

Kwa asiyeijua, traka ni kidude ukubwa wa tofali dogo, ndani kina mota, unakifunga juu ya stendi ya miguu mitatu halafu kamera inakaa juu yake, basi kinazunguka polepole kufuata nyota. Mbingu inakwenda digrii moja kila dakika nne, si mchezo, ukitumia lenzi ndefu bila ya traka sekunde mbili tatu tu nyota zishakuwa michirizi. Wengi wanazinunua ili wapige picha za anga kule Nungwi na Paje wawauzie wageni, mie ni mpiga picha wa harusi huku Wete, kamera ninayo, lenzi ya milimita 200 ninayo (hio ndo naipigia bibi harusi akiwa jukwaani na kinamama wamejipanga mbele wote na simu juu), kilichobaki ilikuwa traka. Nikaikuta mjini Unguja, duka la vifaa vya mtumba, laki sita na nusu baada ya kuvutana bei nusu saa. Jina la duka naliacha.

Sasa nilichoitakia. Nyota nyingi zina sayari zake kama jua letu lilivo, na baadhi ya sayari hizo njia yake imekaa sawasawa na sisi, kwahiyo kila ikizunguka inapita mbele ya nyota yake na kuziba mwanga kidogo. Wewe sayari huioni kabisaa, unachoona ni nyota imefifia kidogo kwa saa moja mbili halafu imerudi. Chukulia karabai ya wavuvi wa dagaa ukiwa umekaa pwani nayo iko mbali huko, kumbikumbi akipita mbele ya ile taa kumbikumbi humuoni, ila ungekuwa na kifaa cha kupima mwanga ungejua kuna kitu kimepita. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya jua kama letu inaziba asilimia moja. Dunia yetu haifiki hata moja ya elfu kumi, hio tuwaachie wenye vyombo vya angani.

Watu wanadhani kazi hii lazima iwe na darubini kubwa kama mnara. Mara ya kwanza sayari ya namna hii kuonwa ikipita, mwaka 1999, nyota inaitwa HD 209458, David Charbonneau na Timothy Brown walitumia kijidarubini chenye mdomo wa sentimita 10. Chombo cha NASA kinachoitwa TESS kilichorushwa 2018 nacho kamera zake nne midomo yake ni kiasi hicho hicho. Lenzi yangu ya harusi mdomo wake ni sentimita 7. Nilipoyapiga mahesabu hayo nikajiambia, yakhe, kumbe nimekaa na mali.

Nyota niliyochagua inaitwa HD 189733, iko mbali miaka ya mwanga kama 64, kwa macho matupu huioni lakini kamera inaiona bila tabu. Sayari yake iligunduliwa 2005, ni kubwa kupita Mshtarii kidogo, inazunguka nyota yake kwa siku mbili na saa tano tu, na ikipita mbele inaziba kama asilimia mbili na nusu kwa muda wa saa moja na dakika 49. Kwa mwenye vifaa vya kuungaunga kama mie hakuna nyota nzuri kuliko hii. Kuipata pia rahisi, ipo ubavuni mwa kile kiwingu cha duara wanachokiita M27, kwenye picha kinatoka kama doa la kijani, ukishaliona doa nyota yako ipo hapo hapo. Na mwezi wa nane na wa tisa usiku inapita juu sana upande wa kaskazini, minazi haiifikii.

Haya tuje kwenye traka yenyewe.

Traka ili ifuate nyota mhimili wake lazima uelekee kwenye ncha ya mbingu, pale ambapo nyota zote zinapazunguka. Sisi ncha yetu ni ya kusini na ipo juu ya upeo kwa digrii zile zile za sehemu ulipo: Wete ni digrii 5, Unguja mjini 6 na kidogo. Digrii 5 ni chini wewe, hapo kuna minazi, kuna ukungu wa bahari, na hata ukipata uwazi hakuna nyota ya maana ya kukuonesha. Kile kijidarubini cha kulengea walichokiweka ubavuni kwa sisi ni pambo. Wala hilo sikulilaumu. Lililonikera ni kwamba ile sehemu ya kuinamishia traka, kipimo chake kinaanzia digrii 15! Chini ya hapo skrubu inagota. Aliyetengeneza alikuwa anawafikiria watu wa Ulaya, sawa, lakini muuzaji nilimwambia kwa mdomo wangu naipeleka Pemba akanijibu "inafanya kazi popote duniani". Nilipompigia simu akasema chombo kizima, wewe ndo hujui kukitumia. Hapo ndo nusu nyota ilipokwenda.

Nikajaribu ujanja wa kufupisha mguu mmoja wa stendi ili mzigo wote uinamie kusini. Inakubali, mpaka upepo wa kusi upige. Nilikuwa nimeiweka pembeni ya sakafu tunayoanikia karafuu, nageuka kuchukua pawabenki nasikia puu, kamera na traka viko juu ya jamvi la karafuu, alhamdulillah karafuu zimepokea. Lenzi imekaa inanuka karafuu wiki nzima, mama akanambia ndo imefukizwa hiyo.

Asubuhi yake nikaenda kwa fundi seremala. Nikamchorea kabari ya mbao, urefu sentimita 20, upande mwembamba unene wake 2, upande mnene 5 na nusu, hio inakupa digrii 10 za kushusha. Akaniuliza kabari ya mlango gani huo mkubwa hivo. Mbao ya mfenesi, tundu la boliti katikati, elfu ishirini na tano. Upande mnene unaukalisha kaskazini, mwembamba kusini, traka inainama mpaka digrii 5 na stendi imesimama wima haitikisiki. Pima maji ndogo ya fundi weka juu ya stendi kabla ya yote, bila ya hivo kabari haina maana.

Kusini penyewe sikutumia dira ya simu maana kila ukiigeuza inakupa jibu jipya. Nilisimamisha kijiti sakafuni kabla ya adhuhuri nikawa natia alama kivuli mpaka kilipokuwa kifupi kuliko vyote, zawali hio, basi kivuli pale kimelala kwenye mstari wa kaskazini na kusini wa kweli, nikauchora kwa chaki. Miezi hiyo jua linapita kaskazini yetu kwahiyo kivuli kinaangukia kusini. Usiku nikarekebisha kwa kutazama nyota moja kwenye kamera inahamia wapi, nasogeza kidogo, natazama tena. Saa nzima ya kazi, lakini ukishaweka alama za miguu ya stendi kwenye sakafu siku nyengine ni dakika kumi.

Kosa jengine langu mwenyewe: kuna swichi ya kaskazini na kusini, niliiacha kaskazini siku ya mwanzo, traka ikawa inakimbia upande wa pili, michirizi mara mbili. Nikaanza kumlaani muuzaji bure.

Na kosa kubwa kuliko yote ni la saa. Ratiba za kupita kwa sayari zinapatikana bure, ila zinaandikwa kwa saa za Greenwich. Nikaona katikati ya tukio 19:10, nikasoma kama saa moja na dakika kumi usiku, nikakimbilia kupanga vitu magharibi ndo kwanza inaingia, nikapiga picha mpaka saa tatu, nikafunga mizigo nikaenda zangu kula. Kumbe unatakiwa uongeze saa tatu, katikati ilikuwa saa nne na dakika kumi, sayari imeanza kupita robo saa baada ya mie kuondoka! Nilikula pweza wa nazi sikusikia ladha. Baada ya siku 11 ikapita tena usiku wa manane, mawingu tupu. Siku ya 20 ikaja saa nzuri kabisa, mapema kwa dakika kama 47 kuliko ile ya mwanzo, maana mizunguko yake tisa inakaribia siku 20 kamili, inapungua hizo dakika tu.

Usiku huo nilianza saa mbili kasoro. Unaiharibu fokasi makusudi, ndio makusudi, nyota itoke kama sahani ndogo, mwanga usambae kwenye vitone vingi vya kamera usijae kimoja. Sekunde 30 kila picha, rimoti inapiga yenyewe, picha 320. Traka kwa saa tatu na kitu haikukwama hata mara moja na nyota iliteleza kidogo sana kwenye fremu, hapo naipa haki yake, mota yake ni nzuri na haina kelele. Betri ya ndani ndo imechoka, saa moja na nusu imekwisha, bila ya pawabenki usitoke.

Jirani yetu mmoja mzee akapita anatoka msikitini akauliza mwezi unaandama leo? Nikamwambia hapana mzee wangu, ushaandama zamani, natazama nyota inapungua mwanga kwa sababu kuna sayari inapita mbele yake. Akatazama juu, akanitazama mie. "Sasa utajuaje kama si wingu?" Wallahi hilo ndo suali lenyewe. Nikamuonesha kwenye skrini: wingu likipita linafifisha nyota zote za pale, sayari inafifisha moja tu. Kwahiyo unapima nyota yako pamoja na majirani zake wanne watano kila picha, unagawanya, kinachobaki ni cha kwake peke yake. Akasema basi hio sawa, akaenda zake.

Kupima nilitumia programu ya bure, AstroImageJ, kompyuta yangu ya kuhariria harusi ikapiga mzigo usiku kucha. Asubuhi nikapata mchoro, vitone vimetawanyika kama dagaa kwenye chanja, lakini ukivijumlisha kumi kumi unaona kabisa mstari unashuka karibu na ule muda uliotajwa, unakaa chini, unapanda tena. Nilipata kushuka kwa asilimia mbili na ushei. Nilikaa naitazama mpaka chai ikapoa.

Msinielewe vibaya, sikugundua kitu, sayari hii inajulikana tangu 2005. Na hata zile zinazopita, ni chache. Mtu wa mbali akilitazama jua letu ana nafasi kama nusu asilimia tu ya kukaa sehemu ya kuiona Dunia ikipita. Nilitamani niijaribu na ile nyota ambayo Tanzania ilipewa kuipa jina 2019, WASP-71, inaitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite, nayo ni ya kupita vile vile, lakini nyota ni hafifu mno na inapungua hata nusu asilimia haifiki. Kwa lenzi ya harusi usijisumbue, mie nilipoteza usiku mmoja.

Mengine ya kujua kabla hujanunua. Chumvi: miezi miwili tu skrubu zishaanza kutu, pakaza mafuta ya cherehani kila wiki na usiilaze nje. Umande: lenzi inalowa kufika saa nne usiku, nilijaribu kuweka chetezo chenye makaa chini ya stendi (mama ndo aliyeshauri, na udi alitaka kutia), hewa ya moto ikazichezesha nyota zote, nikaacha, sasa nina kofia ya boksi ndefu nimeivisha lenzi na inasaidia. Taa za wavuvi wa dagaa zinawasha anga lote la magharibi siku za kiza, maana wao na sisi tunautaka usiku ule ule usio na mwezi, ila kwa nyota iliyo juu hazikunidhuru.

Kama uko Unguja mjini kabari yako upande mnene fanya 5.2 badala ya 5.5, urefu ule ule. Ya kwangu nimemwambia fundi aichonge na ya pili, ipo kwake na mchoro anao, bei isizidi elfu thelathini. Na dukani waambie waifungue mbele yako uone kipimo kinaanzia digrii ngapi kabla hujatoa pesa.