Shure SM58 kwa studio ya chumbani, kondensa isubiri

Wadau, wengi mkianza kurekodi home mnakimbilia maiki ya kondensa, halafu chumba chenyewe kina bati juu, jirani kafungulia redio, majogoo nao hawana ratiba, na kondensa inanasa vyote hivyo bila huruma. Mi natumia Shure SM58, ile ya jukwaani iliyotoka 1966, na sibadilishi. Ni dainamiki, inasikia zaidi kilicho mbele yake na haihitaji zile volti 48, umeme ambao kondensa hulishwa kupitia waya wa maiki. Ukiisogelea sana besi inapanda, kwa wanaorap raha tupu, ila mtu wa kwaya atasikika kama ana mafua, so akae nyuma kidogo. Ile ya kawaida haina swichi, na mara nyingi inauzwa bila waya, kwahiyo chukua waya wa XLR kabisa.

Nimeichomeka kwenye Focusrite Scarlett Solo, kile kiboksi cha kuingiza sauti ya maiki kwenye laptopu, hii inakula umeme wa USB, yaani Tanesco wakikata na laptopu ina chaji we unaendelea tu kuimba. Kuna kitufe cha kujisikia moja kwa moja kwenye hedifoni, kiwashe, la sivyo sauti yako inakufikia imechelewa na utatoka nje ya biti. Geini (kile kitufe cha kukuza sauti ya maiki) utaipandisha sana maana 58 ina sauti ndogo, feni ya laptopu ikae mbali.

Kwenye gitaa kavu sijaipenda sana, nyuzi za juu hazing'ai. Na feki zimejaa mtaani, ukitajiwa bei ya mteremko kimbia. Mvua kwenye bati haina dawa, hapo subiri iishe.